Mweusi wa Mwisho, Al Wukair

Mimi sipendi kupangwa na mtu. Nilisema hivyo siku ile Laban alipotuita sebuleni, na kwa kuwa nilisema, nikawa wa kwanza kupangwa.

Laban alikuwa sajini mstaafu wa magereza kutoka Bungoma, mtu wa kifua kipana aliyekuita kwa sauti ya ng'ambo ya mto hata kama mmekaa benchi moja. Alikuja Doha kulinda milango ya maduka kama sisi wengine. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa imetuweka Al Wukair, kwenye villa ya Wakenya watupu, na tuseme ukweli, ile villa ilinuka. Sinki halikuonekana kwa vyombo. Ukinunua maziwa uliyanywa papo hapo umesimama mbele ya friji, la sivyo uyaage kabisa. Msimamizi wa kampuni alipokuja kukagua alijishika pua, akasema akirudi akute mambo ni yale yale atatutawanya, kila mmoja kambi yake, tukaishi na watu ambao hatuwezi hata kuwasengenya kwa Kiswahili.

Hapo ndipo Laban alipojitolea kuwa mkubwa wa nyumba.

"Nyumba hii inataka mfumo," alisema. "Na mfumo mimi ninao. Nimeupata kwa babu yangu, naye alikuwa askari jela wakati wa hali ya hatari. Mkoloni alikuwa mbaya, sikatai. Lakini kwa kupanga wafungwa, jamani, mpeni haki yake."

Akatueleza. Kwenye kambi za kizuizini, watu waligawanywa kwa rangi tatu. Weupe walikuwa wale waliokiri kwamba wamekula kiapo cha Mau Mau, wakatubu, wakawa wanangoja kwenda nyumbani. Kijivu walikuwa nusu nusu, wamekiri kidogo na kuficha kidogo. Weusi walikuwa sugu, wasiokiri kitu hata wafanywe nini. Kila rangi na kambi yake, kazi yake na chakula chake, na mtu alisogezwa kutoka kambi hadi kambi kadiri alivyozidi kufungua mdomo.

"Lakini Afande," akasema Nick, kijana wa Umoja, Nairobi, "si hapa wote sisi ni weusi?"

"Wewe funga mdomo. Wewe ni kijivu."

Nick akapangwa namna hiyo. Laban alichana shuka kuukuu akapata vitambaa vyeupe, akachana suruali ya kazi iliyopasuka akapata vya kijivu, na kwa vyeusi akatumia soksi za Onyango ambazo zilikuwa zimepoteza wenzao. Kila mtu akafungiwa chake kwenye mguu wa kitanda. Weupe walilala karibu na eisii, ile mashine ya ubaridi, walioga kwanza, na Ijumaa waliruhusiwa kukaribisha mgeni sebuleni. Kijivu mgeni wake aliishia langoni. Mweusi hakuwa na mgeni, na zamu zote za choo zilikuwa zake. Mimi nilipewa soksi kwa kosa la kusema sipendi kupangwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mfumo ulifanya kazi. Sinki lilionekana, na kumbe ni la rangi ya krimu. Maziwa yalilala kwenye friji na kuamka. Na wanaume wazima waliupenda huo mfumo! Kiprono, ambaye kwao ana mashamba na watoto wanaomwogopa, alikuwa anafua kitambaa chake cheupe na kukianika peke yake kwenye kamba kisichanganyike na soksi za watu. Kazini tulikuwa tumeshapangwa zamani, mlango ni mmoja na jua ni lile lile lakini mshahara unafuata pasipoti ya mtu, na kwa hilo hakuna aliyekosa usingizi. Ila Onyango akishushwa kuwa kijivu, villa nzima ilijua kabla ya chai.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuchukia rangi hizo, na sikuisema. Babu yangu wa Murang'a alikaa kizuizini miaka hiyo hiyo, na alikuwa mweusi. Alihamishwa kambi hii hadi ile, akachapwa, akanyimwa chakula, akaulizwa asubuhi na jioni, na hakukiri. Alitoka wa mwisho katika kijiji chetu kizima. Kwetu jambo hilo linasimuliwa kila harusi na kila matanga, watu wakisimama wima. Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini ni kwamba aliporudi, ardhi ilikuwa imeshapimwa na kugawanywa, waliokiri mapema wamepata bondeni penye maji, na yeye akaonyeshwa mawe. Tumerithi heshima kubwa sana. Shamba hatukurithi.

Basi, siku moja sufuria ikaungua.

Haikuwa sufuria hivi hivi. Ilikuwa ile kubwa tuliyoichangia sote, ya ugali wa Ijumaa, kitu pekee mle ndani ambacho hakikuwa cha kampuni. Onyango alirudi mchana akakuta king'ora cha moshi kinalia, jikoni hakuna mtu, na sufuria iko motoni imekuwa mkaa. Laban aliporudi jioni kutoka zamuni aliitazama kwa muda mrefu, akapiga msumari ukutani sebuleni, akaitundika.

"Hiki ni kielelezo," alisema. "Kuanzia leo villa nzima ni nyeusi. Atakayekiri atakuwa mweupe palepale. Ndivyo ilivyokuwa kambini."

Onyango alikiri kabla ya chakula cha jioni. Alikuwa ametamani kitanda cha karibu na eisii tangu mwezi wa tano. Kiprono alipomwona amejilaza pale kwenye ubaridi peke yake, hakuvumilia, akakiri pia. Laban alifikiri kidogo, akasema inawezekana walikuwa wawili. Kisha akakiri Nick, na baada ya Nick wakafuata wengine, kila mmoja akinong'ona kwenye sikio la Laban pembeni ya friji, wakitoka hapo na kitambaa cheupe. Wiki haikuisha. Sufuria ilikuwa moja, na wote walikuwa wameiunguza isipokuwa mimi.

Mimi siku hiyo nilikuwa kazini Al Sadd, nimesimama mlangoni mwa duka la saa tangu alfajiri, na kila mtu alijua. Laban aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa huruma. Babu yake alikuwa amemwambia kwamba mweusi sugu hakosi pa kusingizia. Nikahamishiwa chumba cha kufulia, godoro langu likalazwa sakafuni kando ya mashine ya kufua nguo. Ile mashine ikianza kukamua, chumba kizima kinatetemeka na wewe ndani yake.

Ningekaa hapo mpaka mkataba uishe, kwa ukaidi tu, kama si Roselyne.

Roselyne Kerubo alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja mjini. Tulikutana kanisani, na huku kanisa letu ni Ijumaa, kwa hiyo mapenzi yetu yote yalikuwa ya Ijumaa. Tulikubaliana kuoana. Lakini kwao Kisii, kabla ya mazungumzo yoyote, watu wa msichana huenda kuona boma la kijana. Wanaangalia nyumba, wanahesabu ng'ombe kwa macho, wanachungulia choo. Mama yake alipoambiwa kijana yuko Qatar hakuyumba hata kidogo. Alisema kama boma liko Qatar, basi litaonwa huko huko Qatar, na Douglas yupo.

Douglas ni kaka yake mkubwa. Aliendesha gari la familia moja ya mjini na kuishi Fereej Bin Mahmoud, na aliheshimika kwa kutocheka ovyo. Angekuja Ijumaa, aone, kisha ampigie mama yake simu siku hiyo hiyo. Akisema hapana, kulikuwa na mwalimu mmoja wa Keroka, mwenye ng'ombe wa maziwa, ambaye mama mtu alikuwa anamtaja taja bila kuulizwa.

Nami sikuruhusiwa mgeni. Nilimfuata Laban akiwa anapiga pasi shati lake la kazi.

"Afande, Ijumaa natembelewa na shemeji. Naomba sebule."

"Njenga, mimi nataka kukusaidia. Kiri tu."

"Sikuunguza."

"Hakuna mtu anauliza kama uliunguza. Nasema ukiri."

Basi nikamwambia habari ya babu yangu, nikidhani ataona haya. Akaweka pasi chini.

"Alikuwa kambi gani?"

Nikamtajia ile ya mwisho. Uso wake ukafunguka wote.

"Babu yangu alikuwa hapo! Ai, Njenga! Pengine ndiye alikuwa akimhesabu asubuhi!"

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyegundua kumbe tuna undugu. Nilitoka nje nikazunguka villa, maana ningebaki ningempiga na kielelezo.

Roselyne hakunipa faraja. "Sasa shida iko wapi?" aliniuliza kwenye simu. "Kiri."

"Sikuunguza, Rose."

"Njenga, kwani unaoa mimi ama unaoa sufuria? Babu yako alikataa mkakosa shamba. Sasa wewe unakataa ukose nini?"

Nilijilaza karibu na mashine, nikawaza juu ya mwalimu wa Keroka na ng'ombe wake, na niseme wazi kwamba niliogopa. Babu alikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza. Mimi nilikuwa na ugali ulioungua, tena si wangu. Ijumaa asubuhi nikavaa suti niliyokuja nayo kutoka Nairobi, nikamwambia Laban niko tayari.

Laban alifurahi sana hata akaita kila mtu. Wa mwisho kukiri hakuruhusiwa kunong'ona pembeni ya friji. Wakapanga viti, wakakaa na nguo zao safi, na sufuria ikining'inia juu ya vichwa vyetu. Sasa barabara za Ijumaa asubuhi huwa tupu, na Douglas alifika mapema. Tulisikia mlango ukigongwa, Nick akafungua, na huyo hapo, kandambili za ngozi, shati jeupe, mfuko wa ndizi mkononi.

"Karibu, shemeji, karibu," Laban alisema. "Keti hapo. Kuna kashughuli kadogo tu, halafu utaruhusiwa kuongea naye. Saa hii bado ni mweusi, lakini dakika moja tu atakuwa mweupe."

Douglas alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Atakuwa nini?"

Ikabidi aelezwe mfumo wote, babu wa Laban, kambi, vitambaa, kielelezo. Onyango na Kiprono walisaidiana kueleza, tena kwa majivuno. Douglas alisikiliza bila kukunja uso wala kuukunjua. Mwisho akaniashiria kwa kidevu niendelee.

Nikasimama. "Mimi, Njenga, nakiri kwamba siku ile niliweka sufuria motoni nikapika..."

Nikakwama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hapo.

"Ulipika nini?" Laban akauliza kwa upole. "Kiri kikamilifu."

"Sijui, Afande. Wenzangu nisaidieni nisije nikaharibu. Ninyi mlikiri mlikuwa mnapika nini?"

Wakatazamana.

"Mimi nilisema omena," Onyango akajibu.

"Omena?" Kiprono akageuka. "Mimi nilisema nachemsha maziwa."

"Mi nilisema Indomie," Nick akasema.

"Indomie kwa sufuria ya ugali wa watu wote?"

"Maze, nilikuwa na njaa."

Wa nyuma akataja pilau, mwingine githeri, na mmoja, mtu wa kanisa kabisa, akasema yeye hakutaja chakula maana hakutaka kusema uongo mwingi. Laban alikuwa anageuza kichwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na jasho limeanza kumtoka. Douglas akaweka ndizi chini. Akainuka, akaitungua sufuria kutoka kwenye msumari, akanusa, kisha akachukua ufunguo wa gari la mwajiri wake akaanza kukwangua chini.

Mkaa ukabanduka, na chini yake kikatoka kitu cha kijani kibichi kilichokauka, chenye nyuzi nyuzi. Pembeni kulikuwa na ukoko mweupe wa magadi.

"Hii ni mrenda," Douglas alisema.

Hakuna aliyemtazama Laban. Kila mtu alipata mahali pengine pa kutazama, dirisha, zulia, kucha zake. Katika villa yote ni mtu mmoja aliyekula mrenda, ile mboga ya majani yenye utelezi. Mke wake alimkaushia, akamtumia kutoka Bungoma pamoja na pakiti ya magadi, naye aliuweka kwenye kabati lake chini ya kufuli.

"Nilipigiwa simu," Laban akasema. Ile sauti ya ng'ambo ya mto haikuwapo. "Mwenzangu alikuwa ameugua, nikaitwa kujaza nafasi. Basi la kampuni likawa langoni linapiga honi. Nilidhani nimezima. Haki ya Mungu, nimekumbuka sasa hivi."

Nilimwamini. Mtu aliyezoea kuuliza wengine maswali maisha yake yote, lini angejiuliza yeye?

Akainuka, akaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Tukamsikia akifungua soksi kwenye mguu wa mashine, maana kitanda sikuwa nacho. Akarudi nayo imefungwa mkononi mwake, akaanza kuburuta godoro lake kutoka chini ya eisii.

"Afande, wacha tu," Onyango akasema. "Si lazima."

"Utaratibu ni utaratibu."

"Lakini Afande," akasema Nick, "wewe si umekiri? Na ukikiri unakuwa mweupe palepale. Ulisema wewe mwenyewe."

Laban akasimama na godoro lake katikati ya sebule. Tuliona akijaribu kulipanga. Aliyeunguza amekiri, kwa hiyo ni mweupe. Waliokiri bila kuunguza ni weupe pia. Mimi ambaye sikuunguza wala sikumaliza kukiri, bado ni mweusi. Hapo Douglas, yule asiyecheka ovyo, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Alicheka akatuambukiza wote, hata Laban akacheka, kwa shida, akiwa bado amekumbatia godoro.

Douglas alipopangusa machozi akaomba kuona boma langu. Nikampeleka. Alitazama godoro, alitazama mashine, akachungulia choo, ambacho kwa kuwa zamu zote zilikuwa zangu kilikuwa kinang'aa.

"Dada yangu ana hasira," alisema. "Unajua?"

"Najua."

"Siku moja atakuuliza nani alimaliza maziwa. Na si wewe. Utasema nini?"

"Nitasema si mimi."

"Hata akinuna?"

"Leo nilikuwa karibu kukiri, shemeji. Kwa sababu yake."

"Niliona. Lakini ulishindwa hata kusingizia mboga." Akatoa simu, akampigia mama yake papo hapo, akaongea Kikisii, nami nikasimama na suti yangu nikitokwa jasho. Baadaye Roselyne alinisimulia alivyosikia kwa mama yake. Douglas alisema kijana anaishi kwa unyenyekevu, choo chake ni safi kuliko chetu, na ana mashine ya kufua nguo karibu na kitanda. Mama akauliza ni yake mwenyewe? Douglas akasema analala nayo peke yake. Mwalimu wa Keroka hakutajwa tena.

Douglas alipoondoka, Laban alinifuata uani. Alikuwa amevua kofia, ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Njenga, nisamehe kwa sufuria."

"Yameisha, Afande."

"Na kwa yale mengine."

"Yepi?"

Akahangaika na kofia. "Ya kule kambini. Babu yangu kumhesabu wako. Mimi nilikuambia nikicheka. Mzee alikufa hajamwambia mtu pole, najua, nilikuwepo. Basi mimi nasema. Pole. Mtusamehe."

Nilitaka kusema jambo la kumrahisishia, sikuweza. Nililia kidogo, hapo uani, kati ya nguo za kulinda milango zilizoanikwa. Katika hadithi yote ile ya harusini na matangani, hakuna mahali ambapo mtu wa magereza anasema pole. Hatukuwahi hata kupafikiria.

Laban aliingia jikoni kunipa nafasi. Nikampigia baba yangu Murang'a. Nilianza na habari za Roselyne, akafurahi, kisha nikamwambia hilo la pili.

"Baba, leo magereza wameomba msamaha."

"Nani?"

"Magereza. Mambo ya babu. Sajini mzima, kwa mdomo wake, amevua kofia."

Nilisikia kuku wake, na mtu akimsalimu kwa mbali naye asiitikie. Nilijua yuko wapi. Alikuwa amesimama kwenye yale mawe.

"Wamesema na shamba watarudisha lini?" akauliza.

Nikageuka nikachungulia dirishani. Laban alikuwa ameinamia sinki, mikono ya shati imekunjwa, soksi nyeusi bado iko mkononi, anasugua ile sufuria kwa steelwool kwa nguvu zake zote.

"Bado, baba," nikasema. "Wameanza na sufuria."